Waya Inabeba Nini? Kisa cha Mzee Aliyekatizwa Hadithi

"Mwanangu, mbona huyo mzee kila saa anaanza upya? Mimi nimezeeka, lakini sijafikia hapo."

Maneno hayo niliambiwa Jumamosi moja mwaka jana, mbele ya watu kama 40, na mzee mwenye umri wa miaka 80 na ushee. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilicheka pia, kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Maana huyo aliyekuwa anaanza upya kila saa alikuwa ni yeye mwenyewe. Sauti yake, hadithi yake, aliyonisimulia kwa siku mbili kwenye kibaraza cha nyumba yake. Na aliyemfanya aonekane kama santuri yenye mkwaruzo ni mimi.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, halafu nitasema ninalotaka kusema. Wale mnaotengeneza sauti kwa kompyuta mtanielewa haraka. Ninyi wengine msikimbie, hili linawahusu wote wanaojenga kitu juu ya kitu ambacho hawajui ndani yake kuna nini.

Nilirekodi wazee kadhaa wakisimulia maisha yao ya ujanani. Badala ya kutengeneza kipindi cha redio kama kawaida, nikataka chumba. Unaingia, unamsikia mzee anasimulia. Katikati kuna maikrofoni. Ukianza kuongea, mzee ananyamaza. Ukinyamaza wewe, yeye anaendelea pale alipoishia. Yaani adabu ya kawaida ya mazungumzo ambayo redio haina. Redio haikusikilizi, inakusemea tu.

Kazi hiyo niliifanya kwa Pure Data, ambayo watumiaji wake huiita Pd kwa kifupi.

Kwa wasioijua: kuna programu ambazo huandiki mistari ya maagizo, unachora. Unaweka visanduku kwenye karatasi nyeupe ya kioo, kila kisanduku kina kazi yake. Kimoja kinatoa mlio, kingine kinapunguza sauti, kingine kinahesabu. Halafu unaviunganisha kwa waya, tokea tundu la chini la kisanduku kimoja mpaka tundu la juu la kingine. Mchoro huo wanauita pachi. Ukishauchora, ndiyo programu yenyewe hiyo, inafanya kazi hapo hapo.

Chimbuko lake ni Paris, katika taasisi ya utafiti wa muziki iitwayo IRCAM, miaka ya 1980. Mmarekani mmoja, Miller Puckette, aliandika huko programu akaiita Max kwa heshima ya Max Mathews, yule mhandisi wa Bell Labs ambaye mwaka 1957 aliifanya kompyuta ipige muziki. Mwaka 1988 mtunzi Philippe Manoury akaitumia katika Pluton, kazi yake ya piano na kompyuta. Max ikaanza kuuzwa na kampuni ya Opcode mwaka 1990, baadaye ikawa mikononi mwa Cycling '74 ya David Zicarelli, kampuni ambayo Ableton iliinunua mwaka 2017. Puckette mwenyewe alishahamia San Diego, California, na mwaka 1996 akaja na Pd, ya bure kabisa na maandishi yake ya ndani yakiwa wazi kwa yeyote. Kwa hiyo Max na Pd ni ndugu wa baba mmoja. Mmoja anafanya biashara, mwingine anagawa bure barazani.

Mimi wa mfuko mwembamba nikamchagua wa barazani.

Sasa tuje kwenye waya, maana ugomvi wangu uko hapo.

Ukiitazama pachi unadhani waya zote ni sawa. Si sawa. Ziko za aina mbili. Ya kwanza inabeba sauti yenyewe, yaani namba zinazomiminika bila kukoma. Kwa kipimo cha kawaida cha CD ni namba 44,100 kila sekunde. Pd haizipitishi moja moja, inazifunga mafungu ya 64, hivyo kila fungu ni kama sehemu moja na nusu ya elfu ya sekunde. Visanduku vya kazi hii utavitambua kwa kile kialama cha wimbi mwishoni mwa jina: osc~, dac~, na kadhalika.

Waya ya pili inabeba ujumbe. Ujumbe haumiminiki. Unakuja pale tu jambo linapotokea. Unaweza kuwa namba, neno, orodha ya namba na maneno, au ule wanaouita bang, ambao hauna kitu ndani. Bang maana yake ni "fanya sasa". Ni kama mtu anayegonga mlango bila kusema anataka nini.

Na ujumbe una mambo yake. Chukua kisanduku cha kujumlisha. Kina matundu mawili juu. La kulia ni baridi: ukilipa 5, kinaihifadhi na kunyamaza. La kushoto ni moto: ukilipa 3, kinajumlisha na kutoa 8. Ndiyo maana lazima la kulia lifike kwanza. Likitangulia la kushoto, utapewa jibu la hesabu ya zamani, na kompyuta haitakuambia umekosea. Katika Max mpangilio unategemea vilivyokaa visanduku vinavyopokea, vya kulia hutangulia, kwa hiyo ukisogeza kisanduku ili mchoro upendeze unaweza kubadilisha tabia ya programu. Katika Pd, tundu moja likitoa waya kadhaa, inafuatwa ile uliyotangulia kuiunganisha, jambo ambalo kwa macho hulioni kabisa. Dawa yake ipo, kisanduku kiitwacho trigger, kinachopanga foleni waziwazi kutoka kulia kwenda kushoto. Asiyekitumia anacheza bahati nasibu.

Haya. Sasa nyongeza.

Visanduku vinavyokuja na Pd vina mwisho wake. Ukitaka kitu ambacho hakimo, unatafuta cha mtu mwingine au unajiandikia. Kisanduku kama hicho, kilichoandikwa kwa lugha ya C na kugeuzwa kuwa faili la mashine, wenyewe wanakiita eksternali. Mimi nitakiita nyongeza. Ukiandika kwenye kisanduku jina ambalo Pd hailijui, Pd inakwenda kutafuta faili lenye jina hilo. Ikilipata inalifungua, nyongeza inajitambulisha: mimi naitwa fulani, nina matundu haya, nikipewa namba nafanya hivi, nikipewa bang nafanya vile. Basi. Tangu hapo inakaa kwenye pachi kama mwenyeji, huwezi kuitofautisha na visanduku vya nyumbani.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Haitofautishiki.

Pachi yangu ya wazee ilikuwa na nyongeza moja niliyoipata mtandaoni miaka mingi nyuma. Aliyeiandika simtaji, na sina neno naye. Alitoa bure, nikachukua bure. Ilikuwa na ndugu zake wawili, vinafanya kazi pamoja. Kimoja kinasikiliza maikrofoni na kujua kama kuna mtu anaongea. Kingine kinakumbuka kila hadithi imefika wapi. Cha tatu kinapokea kumbukumbu hiyo na kuicheza. Vilifanya kazi vizuri sana kwenye kompyuta yangu ya zamani. Nikavipenda. Sikuwahi kuuliza vinaambiana nini kwenye zile waya.

Siku mbili kabla ya onyesho, kompyuta ya zamani ikafa. Nikaazima nyingine, mpya zaidi, nikaweka Pd, nikafungua pachi. Visanduku vitatu vikanitazama vikiwa na mipaka ya nukta nukta, na kwenye dirisha la taarifa Pd ikaniambia kwamba imeshindwa kuviumba.

Sababu ni ya kawaida mno. Faili la nyongeza lilitengenezwa kwa mfumo wa biti 32. Pd niliyoiweka ilikuwa ya biti 64. Hawaongei lugha moja. Pachi yangu ilikuwa nzima, sauti za wazee zilikuwa nzima, lakini kiungo cha kati kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya mashine ambayo haipo tena. Maandishi ya C ya kukitengeneza upya nikayatafuta usiku kucha, sikuyapata. Mwenye mali aliweka faili la mashine tu.

Usiku ule nilijifunza jambo la kwanza, na la aibu. Kile cha kusikiliza maikrofoni kilikuwa na mwenzake ndani ya Pd yenyewe siku zote. Kinaitwa threshold~. Unakiambia kiwango cha sauti, kikivukwa kinatoa bang upande mmoja, sauti ikishuka kinatoa bang upande mwingine. Dakika 20 nikawa nimekiweka. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeazima jembe kwa jirani, na langu liko uvunguni.

Jambo la pili halikuwa jepesi. Nilitaka kubadilisha kile cha kukumbuka hadithi imefika wapi. Kufanya hivyo ni lazima ujue kilikuwa kinampa mwenzake nini. Kwenye kompyuta ya rafiki, ya zamani kama yangu, nikaunganisha waya ile na kisanduku cha print, ambacho kazi yake ni kukuandikia kilichopita kwenye waya. Nikategemea kuona namba, mathalani "hadithi ya pili, dakika ya tatu". Kikaniandikia tu kwamba kilichopita ni kielekezi. Yaani anwani ya mahali fulani ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ambako ndugu hao watatu walikuwa wameficha vitu vyao kwa mpangilio wanaoujua wao peke yao.

Rafiki yangu, ambaye huandika programu kwa riziki, akatikisa kichwa. "Kaka, hii si waya. Hawa wanaitana chemba."

Na ndivyo ilivyokuwa. Machoni kulikuwa na waya iliyonyooka, nzuri, inayoeleweka. Ukweli ulikuwa umepita chini ya meza.

Jumamosi ikafika. Kunyamaza mzee alinyamaza, ile threshold~ ilifanya kazi yake. Lakini kumbukumbu haikuwepo. Kila mtu alipokohoa, kila mtoto alipolia, mzee alinyamaza halafu akaanza tena: alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, walikuja mjini kwa gari gani. Mara tano, mara sita. Hadithi yake ina dakika saba. Mwishoni, dakika ya sita na kitu, anamtaja marehemu mke wake na jinsi walivyokutana. Nafikiri alikuja kwa ajili ya dakika ile. Aliketi mstari wa mbele kwa saa nzima, na haikufika.

Nilipomwamkia wakati anaondoka, "Shikamoo mzee," aliitikia "Marahaba" kwa upole, akanipiga bega, akaenda zake. Ningependelea anigombeze.

Basi, hili ndilo nililotaka kusema. Nyongeza ni deni. Sisemi ni dhambi. Deni si dhambi, watu wamejenga nyumba kwa mikopo. Lakini ukikopa lazima ujue umekopa nini, kwa nani, na siku akihama utafanyaje. Wengi wetu tunaotumia programu hizi za kuchora tunakopa tukidhani tumepewa zawadi.

Na hili si la mimi peke yangu. Kulikuwa na Pd-extended, mkusanyo uliokuja na nyongeza nyingi ndani ya kifurushi kimoja. Wengi walianzia hapo. Matoleo yake yalikoma mwaka 2013, na wenye pachi zao wakalazimika kuanza kutafuta kila nyongeza ilikotoka. Upande wa Max, toleo la 8 la mwaka 2018 liliacha kabisa biti 32, na nyongeza zisizogeuzwa zikabaki nje ya mlango. Hakuna aliyefanya uovu hapo. Mashine zinabadilika, na faili la mashine hufa na mashine yake.

Najua kuna watakaobisha. Mtu ataniambia: bila nyongeza Pd isingekuwa chochote. Kweli, nakubali. Puckette aliiacha ndogo kwa makusudi ili watu waiongezee. Visanduku vyake mwenyewe vya kusikia noti na mapigo, fiddle~ na bonk~, vinakuja kwenye folda ya nyongeza. Tangu mwaka 2016 Pd ina hata njia ya kutafuta na kushusha nyongeza ukiwa ndani ya programu yenyewe. Mtu mwingine ataniambia: mimi ni mwanamuziki, C inanihusu nini? Nalo lina ukweli. Uzuri wa kuchora ni kwamba hauhitaji kuwa fundi wa programu ili uanze.

Ila nawauliza hivi. Mpishi hahitaji kujua kufua sufuria, lakini je, hahitaji kujua ndani ya mtungi ule kuna siki au mafuta ya taa?

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Nauandika hapa ili nikiuvunja mnisute.

Kwanza, natafuta ndani ya nyumba. Kabla ya kushusha chochote, nasoma orodha ya visanduku vya Pd vyenyewe, chote mpaka chini. Ni kazi ya jioni moja.

Pili, kisipokuwemo, najaribu kukijenga kwa pachi ndani ya pachi. Wengi hawalijui hili: unaweza kuchora pachi, ukaihifadhi kwa jina, halafu ukaitumia jina hilo kama kisanduku kwenye pachi nyingine. Na faili la Pd ni maandishi matupu. Mstari wa kisanduku husomeka hivi: #X obj 50 80 osc~ 440, na hiyo 440 ndiyo idadi ya mitetemo kwa sekunde. Maandishi ya namna hii hayajali biti 32 wala 64. Mtu akiyafungua miaka 20 ijayo kwa kihariri chochote atajua nilikuwa nataka nini.

Tatu, ikibidi nyongeza, nachukua ile tu yenye maandishi yake ya C wazi, nayaweka pamoja na pachi, na ninajaribu kuitengeneza mwenyewe mara moja kabla ya kuitegemea.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote: kinachopita kwenye waya lazima kisomeke. Kipimo chake ni kile kisanduku cha print. Kama print inaniandikia kitu ninachokielewa, siku nyongeza ikifa naweza kuweka nyingine mahali pake, au pachi, au hata kidole changu kwenye kibodi. Kama print inaniandikia kiini macho, basi sina kisanduku, nina ndoa isiyo na talaka.

Kuna vitu vikubwa ambavyo huwezi kuvipitisha vizima. Picha ya video, kwa mfano. Katika Jitter, sehemu ya Max inayoshughulika na picha, waya haibebi picha, inabeba jina lake, na kisanduku kinachopokea kinakwenda kuitafuta kwa jina hilo. Pd nayo hufanya hivyo kwa majedwali ya sauti. Sina ugomvi na hilo. Kabati hulipitishi dirishani, unamwambia mtu liko chumba gani. Lakini jina linasomeka, na mtu mwingine anaweza kulitumia. Hiyo ndiyo tofauti na kuitana chemba.

Mtauliza, sasa mwenyewe nilifanya nini baada ya aibu ile? Nikaingia kwenye C. Sikuwa naijua. Rafiki yangu akakaa nami Jumapili tatu, akinilipisha chai na chapati. Nyongeza yenyewe haikufika mistari 100, na sehemu kubwa ni kujitambulisha tu kwa Pd. Na nikakosea pia, tena mara mbili.

Kosa la kwanza: niliifanya isome faili kwenye diski kila ilipopata bang. Sauti ikawa inakatikakatika. Kumbe Pd ina foleni moja. Anayehesabu sauti ndiye huyo huyo anayepokea ujumbe. Ukimtuma dukani, jiko linazimika. Ndiyo maana kisanduku cha Pd cha kusoma mafaili ya sauti, readsf~, kina msaidizi wa pembeni anayekwenda kwenye diski wakati mwenyewe anaendelea na kazi.

Kosa la pili ndilo lililonipa heshima mpya kwa namba. Nyongeza yangu ilihesabu sampuli moja moja kujua hadithi imefika wapi, nami nikaihifadhi hesabu katika namba ya kawaida ya Pd, ile ya desimali ya biti 32. Kwenye majaribio mafupi ilikwenda vizuri. Nikaijaribu kwa hadithi nzima ya dakika saba. Ilipofika dakika ya sita na sekunde 20 hivi, ikaganda. Namba hizo haziwezi kuhesabu moja moja kupita 16,777,216. Ukiongeza 1 juu ya hapo, inabaki ile ile. Gawanya kwa 44,100 utaona, ni sekunde 380. Yaani ningeuweka ukumbini bila kuujaribu, mzee angefika mlangoni kabisa pa jina la mkewe, akanyamaza. Mara ya pili!

Nikaihifadhi hesabu ndani ya nyongeza kwa namba nzima za kawaida za C, na kwenye waya nikatoa milisekunde. Dakika saba ni milisekunde 420,000, mbali sana na ukuta. Na ujumbe wenyewe sasa unasomeka hivi: neno "endelea", namba ya hadithi, milisekunde. Mtu asiyejua C wala Pd anaweza kuuelewa. Kesho nyongeza yangu ikifa, kitu kingine chochote kinachoweza kutoa neno moja na namba mbili kitashika nafasi yake.

Mnakumbuka Pluton, ile kazi ya Manoury ya mwaka 1988? Iliandikwa enzi za 4X, mashine ya IRCAM ambayo leo huwezi kuikuta kazini popote. Lakini kazi yenyewe haikufa. Puckette alizikusanya kazi kama hizo, Pluton na nyingine ya Manoury iitwayo Jupiter zikiwemo, akazitengenezea pachi za Pd ili ziendelee kupigwa. Mashine imekwenda, muziki umebaki. Umebaki kwa sababu kuna mtu aliyeweza kusema kwa maneno na namba ni nini kilikuwa kinatokea kati ya piano na kompyuta. Kisichoweza kusemwa hakiwezi kuhamishwa.

Sisi tunaorekodi wazee tuna haraka kuliko Manoury. Pluton inaweza kupigwa tena mwakani. Mzee wangu hawezi kusimulia tena kwa pumzi ile ile.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake, na kompyuta ya kuazima, maikrofoni moja na spika ndogo. Tukakaa kibarazani. Akasikiliza. Alipokohoa, sauti yake ikanyamaza, ikamsubiri, ikaendelea. Muuza maji alipopita akipiga kelele, ikanyamaza, ikaendelea. Tukafika dakika ya sita. Tukapita sekunde ya 20. Ikafika kwa mkewe, ikamaliza.

Alinyamaza kidogo. Halafu akauliza kama naweza kuondoa sauti ya mbu inayosikika nyuma ya maneno yake.

Nimemwambia nitajaribu. Nimeanza kwa kusoma orodha ya visanduku vya nyumbani.